Jani bila kielelezo: maneno machache kwa wanaoanza kazi ya misimbopau ya mimea

Wiki iliyopita nilipita kwenye benchi la maabara nikamkuta mmoja wa wanagenzi wetu akipanga vifuko vya silika jeli, chembe za kukaushia majani, kwa uangalifu wa mtu anayepanga mayai. Vilikuwa 64, kila kimoja na jani lake kavu, na kila kimoja kimeandikwa namba kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilimwuliza vielelezo vyake vya hebaria, yaani mimea yenyewe iliyobanwa na kukaushwa ili ihifadhiwe, viko wapi. Alinijibu kwa uchangamfu kwamba hakuona haja ya kubana mimea yote ile, kwa kuwa alikwisha kuipiga picha kwa simu, na kwamba kwa vyovyote DNA ndiyo itakayotuambia ni spishi gani. Nilitoka nje, nikalizunguka jengo mara moja, nikarudi. Sikuwa na haki ya kumkaripia, maana jibu lile lilikuwa langu karibu neno kwa neno nilipokuwa na umri wake, na lilinigharimu miezi minane.

Haya ninayaandika kwa ajili yake na wenzake. Sitaeleza kwa kirefu PCR, ile mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, wala kwa nini tunapenda kloroplasti. Hayo mnayajua, na wengine wenu mnayajua kunishinda. Nitayasema yale ambayo itifaki huyaruka kwa sababu aliyeziandika alidhani hakuna asiyeyajua.

1. Kielelezo kwanza, jani baadaye.

Msimbopau hauna uwezo wa kuutambua mmea. Unalinganisha kipande cha DNA ya jani lako na kipande kilichotoka kwenye jani la mtu mwingine, na mtu huyo alilipa jina jani lake baada ya kukaa na ufunguo wa uainishaji akiangalia ua, tunda na nywele za shina. Ukiufuata mnyororo huo hadi mwisho wake utakuta mmea mmoja uliokaushwa, ukabandikwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa mahali ambapo mwenye shaka anaweza kwenda kuutazama. Nilikuwa nayajua hayo yote kwa maneno, na niliwahi kuyajibu vizuri kwenye mtihani.

Mradi wangu wa kwanza ulihusu mnavu, yaani Solanum nigrum na jamaa zake, kundi ambalo limewachanganya watu kiasi kwamba Linnaeus mwenyewe, mwaka 1753, aliiweka villosum kuwa aina tu ya nigrum. Leo tunazihesabu kuwa spishi mbalimbali: S. americanum yenye kromosomu 24, S. villosum yenye 48, na S. nigrum pamoja na S. scabrum zenye 72. Ukipewa jani tupu la mojawapo, ni heri ukiri mapema kwamba hujui. Tofauti zinazoaminika ziko kwenye tunda. Matunda ya villosum huiva yakawa ya manjano, ya rangi ya chungwa au mekundu. Ya americanum ni meusi yanayong'aa na sepali zake hujikunja kurudi nyuma. Ya nigrum kwa kawaida ni meusi yasiyo na mng'ao. Ya scabrum ni makubwa, yenye zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Na rangi hizo hufifia kielelezo kinapokauka, kwa hiyo usipoiandika papo hapo ukiwa umesimama mbele ya mmea, umeipoteza.

Nilikwenda uwandani kwa siku tatu kukusanya mimea 40. Siku ya kwanza nilifanya kazi kama nilivyofundishwa: nilibana mimea 12 kwa magazeti na mbao, nikaandika rangi ya tunda, kimo, umbo la sepali, kila kitu. Siku ya pili nilipiga hesabu ya kijinga. Kubana mmea mmoja vizuri na kuuandikia maelezo kulinichukua dakika 15, na kuchuma jani kulinichukua dakika moja. Nikajiambia kwamba hakuna asiyeujua mnavu, kwamba tofauti ya mweusi na mwekundu hata mtoto anaiona, na kwamba mradi wenyewe ni wa DNA. Mimea 28 iliyobaki niliichuma majani tu.

Kwenye daftari, safu ya rangi ya tunda ikaanza kujaa herufi tatu: k.h.j., yaani kama hapo juu.

Majani ya siku ya tatu sikuyaweka kwenye vifuko kwa sababu vilikuwa vimeniishia. Niliyaweka kwenye tyubu zenye silika jeli, nikaandika namba kwenye vifuniko kwa kalamu ya maka. Katika mkoba uleule nilikuwa na chupa ya ethanoli ya kusafishia mkasi, na kifuniko chake hakikuwa kimefungwa barabara. Mtu yeyote aliyewahi kukaa maabara wiki mbili anajua ethanoli hufanya nini kwa wino wa maka. Usiku nilipofungua mkoba, vifuniko 10 vilikuwa na wingu la zambarau badala ya namba. Niliketi chini ya taa nikaandika namba zile upya kutoka kichwani, nikikumbuka mpangilio wa tyubu mkobani, na nilikuwa na uhakika kamili. Uhakika wa mtu aliyechoka ni kitu cha kuogopwa.

Miezi mitatu baadaye matokeo ya trnH-psbA, kipande cha DNA ya kloroplasti, yakatoka. Katika mti wa nasaba, sampuli tano nilizoziita villosum zilikaa katikati ya zile za matunda meusi, na sampuli tano za matunda meusi zilikaa pamoja na villosum. Tano kwa tano. Leo mti wa namna hiyo ningeutazama kwa sekunde chache kisha niende kukagua lebo. Lakini wakati ule nilikuwa nimesoma kiasi cha kunidhuru. Nilijua kwamba S. nigrum inahesabiwa kuwa ilitokana na kuchanganyika kwa americanum na villosum, 24 na 48 zikazaa 72, na nilijua kwamba spishi jirani zinaweza kunyang'anyana kloroplasti kupitia machotara. Basi nilikuwa na maelezo tayari, tena ya kuvutia. Niliandika kurasa nne. Nilichora mchoro wenye mishale miwili, mmoja ukienda na mwingine ukirudi, kuonyesha kwamba kloroplasti zilikuwa zimevuka pande zote mbili. Mishale ile niliipenda sana. Niliibadilisha rangi mara tatu.

Nikauwasilisha mchoro huo kwenye semina. Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi, ya watu waliotaka kujua nilitumia praima zipi, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR. Kisha mama mmoja wa hebaria, aliyekuwa ameketi safu ya nyuma na lenzi yake ikining'inia shingoni, aliinua mkono akauliza mimea ile mitano ilikuwa na matunda ya rangi gani. Nilifungua daftari mbele ya watu wote. Mmea wa kwanza kati ya mitano: k.h.j. Nikapandisha kidole hadi mstari wa juu yake: k.h.j. Nikaendelea kupandisha kidole hadi juu kabisa ya ukurasa, na mstari wa kwanza wa ukurasa nao ulikuwa k.h.j., ukimaanisha ukurasa uliotangulia, ambao ulikuwa wa siku nyingine na wa mahali pengine. Yule mama alisubiri kwa upole, kisha akasema, "Si neno, mwanangu. Tukitoka hapa twende ukanionyeshe vielelezo."

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Nakumbuka kwamba hakucheka, na kwamba ningeona nafuu kama angecheka.

Nilirudi uwandani. Mnavu ni mmea wa msimu, na msimu ulikuwa umepita. Penye alama zangu palikuwa na udongo uliolimwa. Picha nilizokuwa nazo zilionyesha majani, kidole changu, na katika mbili tu kishada cha matunda mabichi, ambayo kwa spishi zote huwa ya kijani. Nilikusanya upya msimu uliofuata, safari hii nikibana kila mmea, na ile tano kwa tano haikuonekana tena. Tyubu 10 zilizofutika, sampuli 10 zilizokaa mahali pasipo pake. Sihitaji kuwaeleza zaidi. Msimamizi wangu hakunigombeza. Alinirudishia kurasa zile nne akiwa ameandika neno moja kwa penseli pembeni mwa kila ukurasa: "Vielelezo?"

Kwa hiyo mkinisikia nikiuliza swali hilo kila mnapopita mlangoni, msidhani kwamba ninawachukia.

2. Lebo huandikwa kwa penseli, kwenye karatasi, na karatasi huwekwa ndani ya kifuko pamoja na jani. Namba ya jani na namba ya kielelezo ni moja.

3. Chuma jani changa lisilo na madoa, liweke kwenye silika jeli yenye uzito wa mara 10 au zaidi ya uzito wa jani, na ibadilishe mara rangi yake ya kiashiria inapogeuka. Jani lisilokauka ndani ya siku moja hivi huanza kujila lenyewe.

4. DNA nyingi isiyo safi ni mbaya kuliko DNA kidogo iliyo safi.

Itifaki ya CTAB, ya kuchimbua DNA kutoka kwenye jani, mnayo, na msiibadilishe kabla hamjaielewa. Polivinilipirolidoni (PVP) ile inayoongezwa kwenye bafa ipo kwa ajili ya kukamata polifenoli, na beta-merkaptoethanoli ipo kwa ajili ya kuzuia majani yasiwe kahawia. Ukiiruka kwa sababu inanuka, PCR itakulipizia. Mimea yenye utomvu mzito hukupa kitu kama kamasi chini ya tyubu, na mgeni hufurahi akidhani amepata DNA nyingi. Soma uwiano wa 260/230, kipimo cha usafi wa DNA kwa mwanga, kabla ya kushangilia: ukiwa chini ya 1, ulicho nacho ni polisakaridi, fenoli na mabaki ya chumvi, na DNA imo humo kama mgeni tu.

Kijana mmoja hapa alikuwa na sampuli iliyokataa kutoa mstari kwenye jeli, yaani alama kwamba PCR imefaulu. Alitumia mikrolita 1 ya DNA, haikutoka. Akatumia 3, haikutoka. Akatumia 8 katika mchanganyiko wa mikrolita 25, na alipoona jeli bado ni tupu alikuja kuniambia kwamba polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, imeharibika. Alikuwa akimwongezea kuni mtu anayekohoa moshi: kila alipoongeza DNA aliongeza pia uchafu unaoizuia PCR. Tuliipunguza DNA ileile kwa kuichanganya na maji, sehemu 1 kwa 10, na mstari ukatoka mnene mara ya kwanza. Siku hizi yeye ndiye anayewaambia wengine wapunguze, tena kwa sauti ya mtu aliyeligundua jambo hilo mwenyewe, nami ninamwacha.

5. Kuchagua kipande si suala la mazoea ya maabara yenu.

Wenzetu wa wanyama wana raha yao. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake walipendekeza sehemu ya jeni ya COI ya mitokondria, yenye besi (herufi za DNA) karibu 650, na kwa sehemu kubwa ya kazi yao kipande hicho kimoja kinatosha. Mitokondria ya mimea hubadilika polepole mno kwa kazi hiyo, hivyo sisi tukaenda kwenye kloroplasti, tukabishana kwa miaka, na mwaka 2009 kundi kazi la mimea la CBOL, muungano wa kimataifa wa misimbopau ya viumbe, likapendekeza jozi ya jeni za kloroplasti, rbcL na matK. Katika tathmini ile jozi hiyo ilitenganisha asilimia 72 ya spishi. Ninaomba muisome namba hiyo taratibu. Ilitokana na sampuli za mimea ya kila namna, ikiwamo ile isiyofanana hata kidogo. Ninyi mmechagua kufanya kazi na spishi zinazofanana, zilizoachana juzi tu kwa kipimo cha mageuzi, na kwenu namba hiyo inaweza kushuka sana. Anayeandika kwenye pendekezo lake kwamba atatumia rbcL na matK "kwa kuwa ndiyo misimbopau ya mimea" hajachagua kitu, amenakili.

rbcL ni mtoto mtiifu. Praima zake hufanya kazi kwa karibu kila mmea wa nchi kavu, mfuatano wake husomeka vizuri, na hukupeleka salama hadi kwenye familia na mara nyingi hadi kwenye jenasi, kisha hunyamaza. matK hubadilika haraka zaidi na hutenganisha vizuri zaidi, lakini praima zake hugoma katika makundi mengi, na mkiwa na familia ngumu tafuteni praima zilizotengenezwa kwa familia hiyo kabla ya kupoteza wiki tatu mkicheza na halijoto. trnH-psbA ina tofauti nyingi na praima zake si za shida, ila urefu wake hubadilika kutoka kundi hadi kundi na ina madhila yake ya usomaji, nitakayoyaeleza. ITS hutoka kwenye kiini cha seli, na mara nyingi ndiyo inayotenganisha ndugu wa karibu kuliko zote. Ndiyo maana kundi la watafiti wa China lilipendekeza mwaka 2011 iongezwe kwenye jozi ile ya msingi kwa mimea ya mbegu.

Kwa maoni yangu, mwenye spishi zinazofanana na bajeti ndogo achukue kipande kimoja cha kloroplasti na ITS, kuliko kuchukua vipande vitatu vya kloroplasti. Sababu ni ya urithi. Katika mimea mingi itoayo maua kloroplasti hurithiwa kwa mama, na ukivisoma vipande vitatu vyake umemhoji shahidi mmoja mara tatu. Chotara ataonekana kama mama yake, kwa ukamilifu, na hutashuku lolote. ITS hubeba habari za pande zote mbili, angalau kwa vizazi vya mwanzo, na ikipingana na kloroplasti hapo ndipo kuna jambo la kweli la kuandika. Mtakumbuka kwamba mimi niliandika habari za machotara nikiwa na kloroplasti peke yake.

Kwa sampuli zilizochakaa sana, kama unga uliosagwa au majani yaliyopikwa, msilazimishe vipande virefu. Kuna kitanzi kifupi cha P6 ndani ya introni ya trnL, sehemu nyingine ya kloroplasti, ambacho hupona pale ambapo vingine vimekatika. Hakitawafikisha kwenye spishi kila mara.

6. Kidhibiti kisicho na DNA, yaani tyubu inayopitia hatua zote bila jani, kikitoa mstari kwenye jeli, mkupuo wote wa sampuli umekwisha.

Wote. Najua mstari ni mwembamba. Najua sampuli zenu zina mistari minene na zinaonekana nzuri. Nimewahi kuambiwa "ni kidogo tu" na watu wenye shahada mbili. Wekeni kidhibiti tangu hatua ya kuchimbua DNA, msingoje hatua ya PCR, kwa sababu kinu na mchi visivyosafishwa barabara huhamisha unga wa jani la jana hadi kwenye jani la leo, na PCR, kwa tabia yake, haidharau kitu kidogo.

7. Kromatogramu, yaani mchoro wa vilele vya besi unaotolewa na mashine ya kusoma DNA, hutazamwa kwa macho.

Programu itawapa mfuatano uliosafishwa kwa sekunde moja, na alama ya Phred, ya ubora wa usomaji, ikiwa 20 inamaanisha kosa moja katika kila besi 100, yaani makosa sita katika kipande cha besi 600. Sasa jiulizeni spishi zenu mbili zinatofautiana kwa besi ngapi. Kama jibu ni tatu, mnaelewa kwa nini ninawakalisha mbele ya skrini kutazama kila kilele. Soma pande zote mbili, kata mwanzo na mwisho wa kila usomaji, ondoa praima, na besi usiyo na hakika nayo iandike N bila aibu.

trnH-psbA ina misururu ya A au T inayojirudia, na msururu ukifika besi kumi hivi, polimerasi huteleza na vilele vyote vya mbele huwa kama meno yaliyopandana. Soma hadi hapo kutoka upande mmoja na hadi hapo kutoka upande wa pili, katikati msibuni. Zaidi ya hapo, katika baadhi ya makundi kuna kijisehemu ambacho hugeuka kichwa chini miguu juu, na mimea miwili ya spishi moja ikaonekana kuwa na tofauti nyingi mahali pamoja. Tofauti hizo zote ni tukio moja. Ukizihesabu moja moja utapata spishi mpya ambayo haipo.

Kwa rbcL na matK, tafsiri mfuatano kuwa asidi za amino. Kodoni ya kusimamisha ikitokea katikati, mara nyingi kuna besi uliyoisoma vibaya. Na kabla ya kuchora mti hakikisha mifuatano yote imeelekea upande mmoja. Binti mmoja mwenye bidii aliniletea mti wenye tawi refu linalotoka hadi nje ya ukurasa, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na washindani, iwapo hiyo inaweza kuwa jenasi mpya. Ulikuwa usomaji wa nyuma ambao haukugeuzwa. Tulicheka hadi machozi, wote wawili, na tawi lile tumelibandika ukutani.

8. Mstari wa kwanza wa BLAST, programu inayotafuta mifuatano inayofanana na wako, si jina la mmea wako.

Hili ndilo linalonichosha kuliko yote, kwa kuwa linafanywa na watu wenye akili. GenBank, hazina ya umma ya mifuatano ya DNA, huhifadhi jina alilolitoa mwenye kuwasilisha, na kosa lake hubaki humo mpaka yeye mwenyewe aamue kulirekebisha. Makundi ya spishi zinazofanana ndiyo yenye majina mengi yenye makosa, kwa sababu ileile iliyowafanya ninyi myachague. Kwa hiyo angalieni kama rekodi ina namba ya kielelezo. Hazina ya BOLD ilijengwa kwa ajili hiyo, ikiunganisha mfuatano na kielelezo chake pamoja na kromatogramu zake.

Kisha someni mistari inayofuata. Nimeona ripoti inayosema "mmea umetambuliwa kwa asilimia 100" kutokana na rbcL, na nilipofungua orodha nikakuta spishi 11 za jenasi hiyohiyo, zote zina asilimia 100, na mwandishi alichukua iliyokuwa juu. Nimeona asilimia 100 iliyohesabiwa juu ya besi 140 tu. Na kama spishi yenu haijawahi kuwekwa humo na mtu yeyote, BLAST haitasema haipo. Itawapa jirani yake, kwa heshima zote, na asilimia ya kupendeza.

ITS nayo ina mtego wake. Praima za ITS1 na ITS4, ambazo maabara nyingi huzitumia, zilichapishwa mwaka 1990 na watu waliokuwa wakishughulika na kuvu, nazo huwapenda kuvu hadi leo. Jani lenye afya kabisa lina kuvu wanaoishi ndani yake bila kulidhuru. Mwanafunzi mmoja alinijia akiwa na huzuni kwamba kichaka chake, alichokibana kwa ustadi na chenye maua, kimetambuliwa kuwa Alternaria, ambaye ni kuvu, kwa asilimia 99. Nilimpongeza kwa kuwa alikuwa na kielelezo. Mwingine asiye na kielelezo, na mwenye bahati mbaya ya kupata jibu lisilo la ajabu kiasi hicho, asingeshtuka. Tumieni praima zinazoipendelea mimea.

9. Mmea mmoja kwa spishi moja hauwaambii chochote kuhusu mpaka kati ya spishi.

Chukueni mitano, na isiwe mitano iliyoota pamoja. Ili mdai kwamba spishi mbili zinatenganishwa na kipande fulani, ni lazima tofauti iliyo kati yao iwe kubwa kuliko tofauti iliyo ndani ya kila moja, na tofauti ya ndani haiwezi kupimwa kwa mmea mmoja. Mwenye mimea miwili yenye tofauti ya besi mbili amegundua kwamba mimea miwili ina tofauti ya besi mbili.

Na kuna makundi ambayo hayatatengana hata mfanyeje. Mierebi, yaani jenasi ya Salix, ni mfano mashuhuri: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha spishi nyingi zikigawana haplotaipu (matoleo ya mfuatano) zilezile za kloroplasti, kana kwamba kloroplasti moja ilizunguka nyumba hadi nyumba. Mkikutana na hali hiyo msikate mti kwa mkasi hadi ukae mnavyotaka. Andikeni kwamba sampuli ni ya kundi fulani, tajeni spishi zilizomo, semeni ni sifa gani ya umbo inayozitenganisha, na kama fedha ipo nendeni kwenye kusoma kloroplasti nzima au vipande mamia vya kiini. Mama yule wa hebaria aliwahi kuniambia kwamba anaziamini zaidi ripoti zenye maneno "mpaka jenasi tu" kuliko zile zenye majina kamili kila mstari, na tangu hapo ninapozisoma ripoti zenu natafuta maneno hayo kwanza.

Kuhusu vifuko 64 vya mwanagenzi wetu: tumekaa naye jana tukazipitia picha za simu moja baada ya nyingine. 19 zinaonyesha maua. 7 zinaonyesha matunda. Moja inaonyesha kiatu chake. Mimea yake, tofauti na mnavu wangu, ni ya miaka mingi na bado imesimama palepale, na msimu wa maua haujaisha, kwa hiyo anarudi kesho kutwa pamoja na wenzake wawili. Nimewawekea mbao mbili za kubania karibu na mlango, rundo la magazeti, na penseli kumi zilizochongwa. Chupa ya ethanoli nimeifunga kwa mkono wangu mwenyewe, nikaiweka kwenye mkoba wa pekee.